Sisimizi wa Laikipia na pesa za uhifadhi

Mwaka 1995, mwanaikolojia Truman Young na wenzake walizungushia uzio vipande vya mbuga katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Kenya. Vingine vilizuia ndovu na twiga tu, vingine vikazuia wanyamapori wote wakubwa, vingine vikaachiwa ng'ombe peke yao. Utafiti huo ungali unaendelea, na wapo wanaouliza, wala si kwa ubaya: kuhesabu sisimizi mitini kunamfaa nani, ilhali mkulima aliyeliwa mahindi na ndovu anasubiri fidia? Doria za kulinda wanyamapori zinataka mafuta na mishahara mwezi huu. Mfugaji wa Laikipia naye ana haki ya kuuliza mbona ardhi ya malisho imegeuka maabara ya wageni. Hoja hizo zina uzito.

Ila zinadhani kwamba tayari tunajua cha kulinda. Hatujui, na mgunga wa udongo mweusi wa huko ni ushahidi. Mti huo huwapa sisimizi makao ndani ya miiba iliyovimba na nekta ya kunywa. Sisimizi nao huwashambulia walaji wa mti, hata ndovu. Mwaka 2008, Todd Palmer na wenzake, Young akiwamo, walichapisha walichokiona baada ya wanyama wakubwa walao majani, kama ndovu na twiga, kuzuiwa kwa miaka 10. Badala ya kunawiri, miti ilipunguza miiba hiyo na nekta. Sisimizi walinzi wakarudi nyuma, ikasonga mbele spishi nyingine inayokaa kwenye matundu ya mbawakawa wanaotoboa shina. Miti iliyokaliwa na spishi hiyo ilidumaa, na ilikufa mara mbili zaidi ya ile yenye walinzi. Nani angelikisia hilo kwa doria ya mwezi mmoja?

Kisha likaja pigo jingine: sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, anayewaua wenyeji na asiyeulinda mti. Mwaka 2024, Douglas Kamaru, Mkenya, pamoja na wenzake walieleza yaliyotokea Ol Pejeta, hifadhi ya wanyamapori huko huko Laikipia. Alikoenea mgeni huyo, ndovu huvunja miti kwa kasi ya mara 5 hadi 7 kuliko asikofika. Mbuga hubaki wazi, na simba, ambaye huwinda kwa kuvizia, hukosa pa kujificha. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya windo lake; kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao hawakuwamo kabisa mwaka 2003, nao walifikia asilimia 42.

Takwimu hizo hazinitoki akilini. Idadi ya simba haikushuka, kwa hiyo anayehesabu simba peke yao angeandika kwamba mambo ni shwari. Kumbe aliyekuwa akiishi kwa pundamilia sasa anapambana na nyati, mnyama mkubwa zaidi anayeweza kumjeruhi na hata kumuua, na chanzo chake ni mdudu asiyefikia urefu wa punje ya mchele. Ripoti ya doria haina safu ya jambo kama hilo.

Hata mfugaji hakusahauliwa. Ndani ya uzio ule ule wa Mpala, Wilfred Odadi na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba wanyamapori huwapunguzia ng'ombe uzito wakati wa kiangazi, lakini msimu wa mvua ng'ombe wanaolisha pamoja nao huongezeka uzito zaidi. Malalamiko ya mfugaji kwamba wanyamapori huwanyang'anya ng'ombe malisho yana ukweli, ila ni ya msimu. Matokeo ya aina hiyo yalistahili kufika kwenye baraza za wafugaji kwa Kimaasai na Kisamburu mapema kama yalivyofika kwenye majarida, na hapo wanaowalaumu watafiti wako sahihi kabisa.

Pesa za kukagua udongo wa miche, vyungu na mizigo inayoingia hifadhini, ambamo sisimizi huyo husafiri, zitoke kwenye fungu lile lile la doria. Kumng'oa akishaenea ni kazi ngumu mno, na simba anayelindwa kwa bunduki bado anahitaji kichaka cha kuvizia.