Kigoma watu wanachangia damu, kinachokosekana ni hesabu

Kila nikisikia damu imeadimika hospitali za nyumbani, najua lawama itakayofuata: wananchi hawana moyo wa kuchangia. Sikubali. Mama akipelekwa Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, anavuja damu baada ya kujifungua, mashemeji, majirani na vijana wa bodaboda wanajaa pale muda si mrefu. Huku Southampton, Uingereza, ninakoishi sijauona moyo huo.

Shida ni kwamba damu ya ndugu inafika mgonjwa ameshazidiwa, na bado lazima ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Huku mgonjwa anaikuta damu frijini imeshapimwa. Si wema, ni mahesabu.

Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha mji huu walichapisha kazi yao ya uigaji wa kompyuta: safari nzima ya chupa ya damu, kutoka kituo cha damu mpaka kwa mgonjwa, ikaingizwa kwenye programu, kisha wakawa wanabadilisha taratibu na kutazama matokeo. Mfano mmoja unanigusa sana. Daktari anaomba chupa nne kwa ajili ya upasuaji. Maabara inazilinganisha na damu ya mgonjwa, inazibandika jina lake. Anatumia moja, pengine hatumii hata hiyo. Zile nyingine zinabaki na jina la mtu asiyezihitaji, na chembe nyekundu huku zina siku 35 tu kwenye nyuzi 2 hadi 6. Je, zikirudishwa kwenye akiba mapema zaidi, ngapi zitaokolewa? Kompyuta inakujibu, na ukikosea hakuna mgonjwa aliyeumia.

Sasa tazama kwetu. Wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, na Desemba shule zinafungwa. Huo ndio msimu wa mvua: barabara za vijijini zinaharibika, malaria inapanda, watoto wanaletwa wameishiwa damu. Kituo cha damu salama cha kanda ya magharibi kiko Tabora. Kutoka hapo hadi Kigoma kwa reli ni kilomita kama 400. Wilaya kama Kibondo, mkoani Kigoma, iwe na akiba ya chupa ngapi mwezi huo? Kampeni za shuleni zisogezwe Novemba, au makanisa na misikiti ichukue zamu? Maswali haya tunayajibu kwa kukisia, na anayelipia ni mzazi aliyeambiwa akatafute ndugu usiku.

Mtaniambia huko kuna pesa. Kweli, magari na umeme vinataka pesa. Lakini uigaji unaanza na kumbukumbu tulizonazo: daftari za maabara za Maweni na za Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora, zenye tarehe, kundi, chupa zilizoombwa na zilizotolewa. Vijana wetu waliosomea takwimu wapo mitaani hawana kazi. Wapewe daftari hizo, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa, waanze na mwaka mmoja tu.