Wenyeji wa Jadotville wako wapi?

Mwezi uliopita, kwenye banda la video pale Chang'ombe, Dodoma, tuliangalia The Siege of Jadotville, filamu ya mwaka 2016 kuhusu wanajeshi wa Ireland waliozingirwa Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1961. Ilikuwa nakala iliyotafsiriwa, ile ambayo mtu anaongea juu ya sauti za waigizaji, na banda lilijaa hadi vijana wakakalia madumu. Pembeni yangu alikaa mstaafu mmoja wa jeshi aliyepigana vita ya Kagera. Mtaani tunamwita Afande. Kwa karibu saa nzima hakutia neno. Risasi zilipoanza kuwaishia wale wanajeshi, akaniinamia: "Mwanangu, si wamesema hapo pana mji? Wenyeji wake wako wapi?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Filamu yenyewe naipenda, na nitasema kwa nini. Lakini swali la Afande linagusa kitu ambacho filamu za namna hii, za askari wachache kwenye kambi iliyokatika na dunia, zinakiruka karibu kila mara.

Kwa asiyeijua hadithi: Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru. Kiongozi wake alikuwa Moïse Tshombe, na nyuma yake walikuwapo Wabelgiji na kampuni ya madini ya Union Minière. Umoja wa Mataifa ukapeleka majeshi Kongo. Septemba 1961, kombania moja kutoka Ireland, watu mia moja hamsini na kitu chini ya Kamanda Pat Quinlan, ikatumwa Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, kuwalinda walowezi wa Kibelgiji ambao hawakuomba ulinzi wao wala hawakuutaka. Asubuhi ya tarehe 13 wakashambuliwa wakiwa kwenye misa ya hadhara. Walioshambulia walikuwa askari wa Katanga, wengi kuliko wao mara nyingi, wakiongozwa na mamluki wa Kizungu na kusaidiwa na ndege moja ya kivita. Kikosi kilichotumwa kuwaokoa kilikwama kwenye daraja la Lufira. Helikopta iliyofanikiwa kutua iliwaletea maji kwenye madumu yaliyowahi kubeba mafuta, hayakunyweka. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa jambo hilo: dumu la mafuta hata ulisugue kwa majivu na mchanga, harufu haitoki. Tarehe 17 wakajisalimisha. Majeruhi watano, aliyekufa hakuna hata mmoja.

Kilichofuata ndicho kinachoipa filamu hii uzito. Waliporudi kwao waliitwa waoga. Jina la Jadotville likawa tusi kambini. Quinlan alifariki mwaka 1997 bila jina lake kusafishwa, na ni mwaka 2016 tu ndipo kombania yake ilipotunukiwa rasmi kama kikosi. Mwaka uliofuata kila askari akapewa nishani yake, na za waliokuwa wameshafariki zikapokelewa na familia zao.

Kuna watu wanaoipuuza filamu hii kwa neno moja, kwamba ni "muvi ya wazungu", basi. Naona wanakosea. Filamu nyingi za vita zinamtukuza aliyekufa akiwa ameshika bendera. Hii inamtukuza aliyehesabu risasi, akahesabu maji, akaona kwamba waliomtuma hawaji, akaamua kuwarudisha watoto wa watu nyumbani wakiwa hai. Tena inathubutu kuwaonyesha wakubwa waliokaa ofisini wakipanga operesheni ya Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, huku wakijua kwamba Jadotville pana watu wao wachache wasio na silaha nzito. Hilo ni la kweli kihistoria: operesheni ilianza tarehe ileile 13, na adhabu yake ikawaangukia walioko mbali. Askari yeyote anaijua hali hiyo. Nilimwona Afande akitikisa kichwa Quinlan alipokuwa akigomba kwenye redio, akatikisa tena pale alipokuwa akiwachimbisha vijana wake mahandaki kabla hakijalia chochote.

Na sisi Watanzania tuna sababu yetu wenyewe ya kutoipuuza. Tarehe 7 Desemba 2017, siku mbili kabla ya sikukuu ya Uhuru, kambi ya wanajeshi wetu pale Semuliki, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Wanajeshi wa JWTZ wasiopungua 14 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika miaka ya karibuni. Miili ikaagwa Dar es Salaam, nchi ikalia, halafu? Vijana waliokuwa wamekalia madumu pale Chang'ombe wanamjua Quinlan kwa jina. Wa Semuliki hawawezi kumtaja hata mmoja. Ireland ilichelewa zaidi ya miaka hamsini, lakini ilifika, na filamu hii ilitoka mwaka uleule ambao kombania ilitunukiwa. Hilo nalihesabu kuwa jema, na nalionea wivu.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ni mzito zaidi.

Palepale bandani, kila askari wa Katanga alipoanguka, vijana walishangilia. "Mpige huyo! Na huyo!" Siwalaumu. Filamu imewafundisha namna ya kuangalia: hawa wana majina, wana utani wao, wana barua za nyumbani, wale ni safu inayotoka kwenye majani, inaanguka, inatoka nyingine. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema waliouawa upande wa washambuliaji walifika mia tatu. Upande mmoja kila aliyekuwapo ana nishani. Upande wa pili filamu haina hata jina moja la kutuachia. Na hawa ni watu gani? Katanga ni nchi ya Kiswahili. Laiti wangepewa nafasi ya kuongea lugha yao, banda zima la Chang'ombe lingewaelewa bila mtafsiri. Hebu liwaze hilo. Vijana wa Dodoma walishangilia kuanguka kwa watu ambao, wakikutana nao sokoni, wangesalimiana na kuagana kwa lugha moja.

Utetezi upo, na nimeusikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema filamu imekaa kwenye handaki la Quinlan, na kutoka handakini adui ni kivuli tu. Kumpa sura ni kumdanganya mtazamaji kuhusu askari alichokiona. Wanasema dakika 108 haziwezi kubeba Kongo nzima. Na wanasema wale askari wa Tshombe hawakuwa malaika: Waluba waliopinga kujitenga waliandamwa hadi maelfu kwa maelfu wakakimbilia kambi ya wakimbizi Elisabethville, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Yote ni kweli. Hoja ya tatu hasa nimeipima sana, maana kuna kishawishi cha kumfanya kila Mwafrika katika filamu ya Kizungu kuwa mwonewa, na Katanga haikuwa hivyo.

Hoja ya handaki, hata hivyo, haisimami hadi mwisho, kwa sababu filamu yenyewe haikai handakini. Inatoka inapotaka. Inakwenda kwa mamluki Mfaransa, ikampa uso na majigambo. Inakwenda kwenye ofisi za wakubwa. Inakwenda kwa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, wanajeshi wa Quinlan wakiwa wameshajisalimisha. (Uchunguzi wa ajali ile haukufa. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umeukabidhi kwa Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman.) Kamera iliyoweza kwenda kote huko ingeweza kuvuka barabara ikaingia uani kwa mtu wa Likasi. Haikuvuka.

Na Likasi haikuwa pori. Palikuwa na migodi ya shaba na kobalti, palikuwa na familia za wachimbaji, palikuwa na masoko. Kilomita chache kutoka hapo ndipo penye Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima. Utajiri huo wa madini ndio sababu watu wa mbali waliitaka Katanga kufa na kupona. Ukimwondoa mwenyeji, unabaki na nyumba chache, barabara na majani, na mtazamaji anaamini kwamba wale wanajeshi wako peke yao mwisho wa dunia. Lakini kambi ile ilikuwa mbali na nani? Ilikuwa mbali na Dublin. Kwa mama aliyekuwa akichota maji mtaa wa pili, ilikuwa jirani.

Sisi watu wa kanda ya kati hatuwezi kujifanya hatulijui jambo hili, kwa sababu tulishakuwa "mahali pa mbali" katika hadithi za wengine. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wapanda farasi wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Mwingereza chini ya Jenerali Van Deventer walishuka kutoka Arusha wakaiteka Kondoa Irangi. Masika yakafunga barabara nyuma yao. Farasi wakafa kwa mamia, chakula kikawa cha kubebwa vichwani kwenye matope. Usiku wa tarehe 9 Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawarushia askari wake kwenye vilima vya Kondoa na kushindwa kuwang'oa. Mwishoni mwa Julai walewale wakaingia Dodoma. Ukiisimulia kutoka kwenye handaki, ni Jadotville tupu: wachache, wamekatika, wana njaa, hawatoki.

Isimulie sasa kutoka Ugogo. Majeshi yote mawili yalikula nafaka ya mtu yuleyule. Ng'ombe walichukuliwa, wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi, kwa Mjerumani kwanza na kwa Mwingereza baadaye. Vita ilipohama na mvua kugoma, maghala yalikuwa matupu, ikaja njaa ambayo wazee wanaiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000, karibu mmoja kati ya kila Wagogo watano. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiutaja Mtunya kama wengine wanavyotaja mwaka: fulani alizaliwa kabla ya Mtunya, fulani aliolewa baada. Hapa mjini yapo makaburi ya wanajeshi wa vita ile, mawe yamepangwa mstari na majina yamechongwa. Waliokufa kwa Mtunya hawana jiwe.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kumwacha mwenyeji nje ni suala la muda wa filamu tu. Yeye ndiye anayelipia kambi. Maji yanatoka kwake, na mahindi pia, na barabara inayopiganiwa ndiyo anayopita kwenda kuzika. Filamu inayomwondoa inapata mvuto, hilo nakiri, kwa sababu upweke wa askari unakaza moyo. Ila inaupata kwa kusema jambo lisilo kweli kuhusu mahali.

Nikipima vyote viwili, bado nawaambia watu waiangalie. Uamuzi wa Quinlan unastahili kuonwa na kila kijana anayeota kuvaa magwanda, na kule Makutupora JKT wapo wengi. Ila nisingependa watengenezaji wetu waichukue kama kielelezo siku watakapoigeukia Semuliki, na natamani waigeukie mapema, mama za wale vijana wakiwa bado hai. Wana nafasi ambayo Quinlan hakuwa nayo. Askari wa Tanzania akienda Beni, eneo ilipo Semuliki, anasalimia na kuitikiwa. Anaelewa mama anapolia, anaelewa mtoto anapotukana. Watu wa eneo lile walikuwa wakichinjwa na waasi haohao tangu mwaka 2014, miaka mitatu kabla ya kambi kuvamiwa. Filamu itakayoanza na milio ya risasi langoni itakuwa imeshawapoteza.

Tulipotoka bandani nilimuuliza Afande, kama angepewa yeye aitengeneze, angeanzia wapi. Hakujibu hilo. Akaniambia kwamba mwaka 1979, njiani kuelekea Masaka, kikosi chao kililala siku tatu pembeni ya kijiji bila mgao. Mama mmoja alikuwa akija alfajiri, ana mtoto mgongoni, anachimba viazi vitamu kwenye shamba lake mwenyewe na kuwaachia kwenye ukingo wa handaki, bila neno, kwa sababu hawakuwa na lugha moja. Siku ya tatu akaja bila mtoto. Walimwonyesha kwa mikono, wakiuliza yuko wapi, naye akawaonyesha kwa mikono. "Viazi alivileta vilevile," Afande akasema, akavuka barabara kuelekea kwake.