Wanafunzi wa biashara, usalama wa data si kazi ya watu wa IT peke yao

Kila nikiongea na wanafunzi wa biashara hapa Nairobi kuhusu usalama wa data nasikia jibu moja, hiyo ni kazi ya watu wa IT. Nakataa kabisa. Mtu wa IT atakuwekea antivairasi sawa, lakini si yeye anaamua nani kwa ofisi anafaa kuona mishahara, nani anaidhinisha pesa itoke, ama mtafanyaje mkikaa siku nzima bila mtandao. Hayo ni maamuzi ya meneja, na umeneja ndio mnasomea.

Somo lenyewe huanza na mambo matatu, usiri, ukamilifu na upatikanaji, wengi wanayakariri ya mtihani halafu basi. Na yako hapa hapa mtaani.

Chukua usiri. Ingia karibu jengo lolote pale tao, soja anakusukumia kitabu cha wageni, unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unaenda ofisi gani, na ukiandika unasoma za wote waliokutangulia tangu asubuhi, mtu akitaka anapiga picha ukurasa mzima na hakuna wa kumuuliza. Namba hiyo ya simu ndiyo M-Pesa ya mtu jameni, na ya kitambulisho ndiyo matapeli wanatafuta wakitaka kuhamisha laini yake. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019 na inataka ukusanye tu kile unachohitaji. Sasa kitambulisho changu ni cha nini kama napeleka barua ghorofa ya tatu? Na kitabu kikijaa kinaenda wapi?

Ukamilifu ni data isibadilishwe na asiyefaa. Mwenye duka anaonyeshwa meseji ya malipo kwa simu ya mteja, kumbe ni feki, anatoa mzigo. Dawa haihitaji programu yoyote, angalia simu yako, si ya mteja. Kwa ofisi ni vile vile, saplaya akiandika barua pepe kwamba amebadilisha akaunti ya benki, mpigie kwa ile namba yake ya zamani kabla hujalipa, usitumie namba iliyo kwa hiyo barua.

Upatikanaji ni data na huduma ziwepo unapozihitaji, na tulifunzwa Julai 2023 huduma za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ziliposhambuliwa, serikali ikasema hakuna data iliyopotea, lakini watu walikuwa wamekwama na shughuli zao. Kwa hivyo hata data isipoibwa biashara inaweza kusimama.

Ningekuwa mwalimu ningetumia kipindi kizima kwa Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016. Wezi waliingia kwa mifumo ya benki wakatuma maagizo 35 ya kuhamisha pesa kwa Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani ambako Bangladesh ilikuwa imeweka dola zake, jumla karibu dola bilioni moja. Walianza Alhamisi usiku kwa sababu Bangladesh wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, halafu New York nako kunafungwa, na Jumatatu kule Ufilipino pesa zilikoenda ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Printa iliyokuwa ikichapisha rekodi za miamala walikuwa wameivuruga, wafanyakazi wakadhani ni shida za kawaida za printa. Dola milioni 81 zikafika Ufilipino. Nyingine milioni 20 za kwenda Sri Lanka zilisimamishwa kwa sababu jina la anayelipwa lilikuwa na kosa la tahajia na mtu akauliza.

Angalia hapo, kalenda, rekodi, na mtu wa kuuliza. Hiyo ni ukaguzi wa hesabu mnaousoma kila siku! Lakini kwa ofisi nyingi ndogo hapa mtu mmoja ndiye anaandaa malipo, ndiye anayaidhinisha, na paswadi ya bosi anayo kwa sababu bosi husafiri, na hakuna anayeona shida mpaka pesa ipotee.

Kwa hivyo ukienda atachimenti muhula huu, omba kufuata malipo moja tu kutoka invoisi mpaka benki, uandike kila mkono ulioyagusa. Halafu uliza data ya wateja ikivuja nani atamjulisha Kamishna wa Data, yule afisa anayesimamia hiyo sheria ya 2019, maana sheria inawapa saa 72 tangu mjue, kama kuna hatari ya wenyewe kuumia. Kama hakuna mwenye jibu, hiyo iandike kwa ripoti yako, na uiweke mbele.