Majeruhi wa Tottenham: kocha ana kesi ya kujibu, ila si peke yake

Naishi Edmonton, kaskazini mwa London, mwendo mfupi wa basi hadi uwanja wa Tottenham. Ukikaa mitaa hii Spurs, yaani hao hao Tottenham, huikwepi, hata kama roho yako iko Jangwani kwa Yanga kama yangu. Msimu wao wa 2024/25 umenipa ubishi ambao mpaka leo haujaisha, ghalani ninakofanya kazi na kwenye kundi letu la WhatsApp la nyumbani: Ange Postecoglou, kocha wao wakati ule, alistahili kulaumiwa kwa wachezaji wake kuumia, au alionewa?

Nauweka msimamo wangu mezani mapema. Misuli iliyochanika, kocha aulizwe. Mifupa iliyovunjika na magoti yaliyogongwa, mwacheni. Na benchi lililokuwa tupu, waulizwe walioshika pochi.

Twende kwa matukio. Novemba 2023, msimu wake wa kwanza, Spurs walifungwa na Chelsea 4-1 nyumbani. Ndiyo ile mechi ambayo mabeki Romero na Udogie walitolewa kwa kadi nyekundu, na wachezaji tisa waliobaki wakaendelea kupanga safu ya ulinzi karibu na mstari wa katikati. Watu waliipigia makofi kama ushujaa. Mimi ninachokumbuka ni Micky van de Ven akishika nyuma ya paja, na kiungo Maddison akichechemea na kifundo chake. Van de Ven ni miongoni mwa mabeki wenye mbio kuliko wote Uingereza, na mfumo wa Postecoglou uliishi kwenye mbio hizo: timu nzima inapanda kukaba juu, nyuma kunabaki uwanja mtupu, mpira mrefu ukipigwa beki anakimbia mita arobaini kwa kasi yake yote. Anafanya hivyo mara kadhaa kwa mechi, wiki baada ya wiki. Msuli wa nyuma ya paja huumia hasa katika mbio za namna hiyo.

Oktoba 2024 akaumia paja tena, kwenye mechi ya Kombe la Ligi na Manchester City. Akakaa nje wiki kadhaa. Tarehe 8 Desemba akarudishwa pamoja na Romero, naye akitoka kwenye majeraha, wote wawili waanze siku moja dhidi ya Chelsea. Romero hakumaliza hata robo saa nzuri. Van de Ven alitoka kipindi cha pili. Spurs wakafungwa 4-3, na kwa wiki nyingi baada ya hapo beki wa kati akawa Archie Gray, kijana wa miaka 18 ambaye kwa asili ni kiungo.

Hapo ndipo simwachii. Kumwanzisha mmoja aliyetoka kuuguza jeraha ni kamari. Kuwaanzisha wawili, nafasi ileile, siku ileile, kwenye mfumo uleule unaodai mbio, ni kucheza kamari na kodi ya nyumba. Daktari anaweza kusema mchezaji yuko tayari, lakini kuwa tayari kwa dakika 30 na kuwa tayari kwa 90 ni mambo mawili, na anayejaza fomu ya kikosi ni kocha.

Upande wa pili upo, na ni mzito. Kipa Vicario alivunjika kifundo Novemba 2024. Kuna mfumo gani wa kukaba unaovunja kifundo cha kipa? Kulusevski aligongwa goti Mei 2025 kwenye mechi na Crystal Palace, kukumbana tu kwa kawaida kwa wachezaji wawili wanaougombea mpira. Waliokuwa wakisema aondoke kocha na majeraha yataondoka naye, walijibiwa mapema: Postecoglou alifukuzwa tarehe 6 Juni 2025, Thomas Frank akaja, na Agosti, kwenye mechi ya kirafiki na Newcastle mjini Seoul, Maddison akachana kano ya goti. Msimu wa kocha mpya ulikuwa hata haujaanza.

Halafu kuna pochi. Majira ya joto ya 2024 klabu ilimnunua mshambuliaji Solanke kwa pesa nyingi, na pembeni yake vijana: Gray, Bergvall, Odobert. Wazuri, lakini wa kesho. Timu ikaingia Ligi ya Europa, Kombe la Ligi na ligi kuu ikiwa na mabeki wa kati wa kuhesabika kwa vidole. Beki Kevin Danso aliletwa mwanzoni mwa Februari, dirisha likifungwa, wakati Desemba na Januari zilishakwisha kuwatafuna. Dragusin, beki wa kati aliyekuwa amebaki, alikuwa ameumia goti siku chache kabla. Kama mwenyekiti wa wakati ule, Daniel Levy, angekuwa kocha, angefukuzwa Krismasi.

Mzee mmoja wa Kiingereza tunayefanya naye zamu, mshabiki wa Spurs tangu enzi za kombe la UEFA la 1984, hanielewi ninaposema hivi. Kwake kocha alitimiza ahadi: fainali ya Europa Bilbao, tarehe 21 Mei 2025, goli la Brennan Johnson, Manchester United wakalala 1-0, kombe la kwanza baada ya miaka 17. Nafasi ya 17 na vipigo 22 kwenye ligi? Anakunja mabega. Nami namwambia, mzee, Bilbao hiyo hiyo ndiyo inayomfunga mtu wako. Usiku ule Spurs hawakukaba juu hata kidogo. Walirudi nyuma, wakajaza eneo lao, wakalinda goli moja mpaka filimbi, na Van de Ven akaokoa mpira mstarini kwa kuruka sarakasi, mzima wa afya, kwa sababu wiki zile za mwisho alikuwa akipumzishwa kwenye ligi. Kumbe Postecoglou alijua kucheza kwa kubana matumizi ya miguu. Alijua pia kupumzisha watu. Alivyoyafanya Mei kwa ajili ya kombe, mbona Desemba hakuyafanya kwa ajili ya mapaja?

Mzee hajanijibu bado. Huwa anabadilisha mada kwenda Arsenal.

Sasa nilinganishe na nyumbani, maana huko ndiko ubishi huu unakonikera zaidi. Shemeji yangu yuko Temeke, naye ni Yanga damu. Nikimtumia sauti kuhusu misuli ya Van de Ven ananicheka. Kwake majeruhi wako wa aina tatu: anayesikilizia mkataba, aliyechezewa na watani wetu Simba, na mvivu. Kocha hayumo kwenye orodha. Lakini timu ikifungwa mara mbili, kocha huyo huyo anafungashiwa virago hata kama nusu ya mabeki wake wako kitandani. Yaani kwenye majeraha hana kosa, kwenye matokeo ya majeraha ana kosa lote.

Tuliliona Novemba 2024. Huku Spurs wakihesabu majeruhi wao, Jangwani kibarua cha Miguel Gamondi kiliota nyasi. Kocha aliyetupa ubingwa wa 2023/24 alipoteza mechi mbili za ligi mfululizo, 1-0 kwa Azam na 3-1 kwa Tabora United, akaondoka. Ibrahim Bacca alikula nyekundu mechi ya Azam, hivyo ya Tabora hakuwepo; hilo tulilijua kwa sababu tuliliona kwa macho. Kuhusu nani alikuwa mgonjwa, anaumwa nini na atarudi lini, tulibaki na tetesi. Nikasikiliza sauti zote za kundi letu wiki ile, kama saa nzima ya watu wazima wakipiga kelele, na hakuna aliyeuliza hali ya kikosi.

Na sielewi tungeuliza wapi. Uingereza kocha anakaa mbele ya waandishi kabla ya kila mechi na swali la kwanza huwa hilo hilo: nani hayupo? Anataja jina, anataja sehemu iliyoumia, anataja wiki. Akidanganya, wiki mbili baadaye atakumbushwa. Romero aliporudi kutoka kwenye majeraha yake aliwashukuru hadharani madaktari wa timu ya taifa ya Argentina, na London nzima ikasoma katikati ya mistari kwamba madaktari wa klabu wana walakini. Nyumbani tunaambiwa "anaendelea vizuri, atarejea hivi karibuni", na hivi karibuni hiyo inaweza kumaliza msimu.

Lakini shemeji ana hoja moja ambayo watu wa huku wangepaswa kuisikiliza, nayo ni viporo. Timu ikienda mashindano ya Afrika, mechi zake za ligi zinaahirishwa, zinarundikana, halafu zinachezwa mfululizo kila baada ya siku tatu. Simba mwaka 2025 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 2-0 na Berkane kule Morocco, wakatoka sare 1-1 Zanzibar tarehe 25 Mei, kisha wakarudi kumalizia viporo vya ligi. Mechi yao na sisi ya tarehe 8 Machi, ingawa hiyo haikuahirishwa kwa ajili ya safari za Afrika, haikuchezwa mpaka 25 Juni. Katikati ya msimu kuna Kombe la Mapinduzi. Timu ndogo ndizo zenye hali mbaya zaidi, maana kutoka Dar hadi Bukoba ni karibu kilomita 1,400, na msimu ule wengine walizimaliza kwa basi kisha wakacheza kwenye nyasi bandia za Kaitaba, uwanja wa huko. Mpe Pep Guardiola ratiba hiyo na mchua misuli mmoja tuone.

Kwa hiyo ninapomlaumu Postecoglou ninajua namlaumu mtu mwenye madaktari, wataalamu wa viungo, na kifaa mgongoni mwa kila mchezaji kinachohesabu mbio zake. Aliyepewa taarifa zote hizo akazipuuza analaumika kuliko yule ambaye hakupewa chochote. Kuna utafiti wa muda mrefu wa UEFA, unaoongozwa na Profesa Jan Ekstrand wa Sweden, unaofuatilia majeraha ya klabu kubwa za Ulaya tangu 2001. Umeonyesha kuwa majeraha ya nyuma ya paja yamepanda kutoka asilimia 12 ya majeraha yote hadi 24 katika miaka ishirini. Ukaonyesha pia kwamba klabu ambazo kocha na madaktari hawasemezani vizuri zina mzigo mkubwa zaidi wa majeraha. Ndiyo maana sikubali kuambiwa ni bahati mbaya tu.

Mtu atasema Wazungu wanajali miili ya wafanyakazi kuliko sisi. Subiri. Ghalani kwetu ukiumia kuna daftari la ajali, kuna mahojiano ukirudi, kuna karatasi ya daktari inayosema usinyanyue kitu kizito. Nilipofika niliona ni maajabu, mimi niliyewahi kuwa saidia fundi Mbagala, ambako ukianguka na ndoo ya zege unachuliwa, unapewa chai, kesho unarudi juu. Lakini msimu ule ninaouzungumzia, malipo ya kisheria ya mgonjwa Uingereza yalikuwa pauni 116.75 kwa wiki, na siku tatu za kwanza ulikuwa hulipwi hata senti. Kodi ya chumba peke yake inazidi hapo. Basi watu wanakuja kazini na migongo imekaza, wanameza vidonge chooni, msimamizi anaona na kugeuza shingo kwa sababu naye ana idadi ya maboksi ya kutimiza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inampa mfanyakazi mgonjwa siku 126 katika miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kwenye karatasi tumewazidi! Kwenye zege la Mbagala hakuna aliyewahi kunisomea.

Msimamizi wa ghala anayemwona mtu anachechemea na kumpa zamu ya pili hana tofauti na kocha wa tarehe 8 Desemba. Wote wana aliye juu yao anayedai matokeo. Wote wangeweza kusema leo hapana. Presha ya juu inapunguza lawama, haiifuti, na aliyeiweka presha naye apate fungu lake. Spurs walimlaumu mmoja. Yanga na Simba huwa tunamlaumu mmoja vilevile, tofauti ni kwamba huku London niliweza kuhesabu nani alikuwa nje na kwa nini, kisha nikaamua mwenyewe.

Shemeji ananiambia nimekuwa Mzungu, nataka kocha aonewe huruma. Simwonei huruma kocha yeyote anayelipwa vizuri. Ninachotaka klabu yangu ifanye hakigharimu hata shilingi: ijumaa kabla ya mechi, ukurasa uleule unaotangaza jezi na tiketi uweke majina ya walio nje, walichoumia, na wiki wanazotarajiwa kukaa. Tukiwa na hiyo orodha misimu miwili tu, mtaona wenyewe ni kocha yupi majeruhi wake wanarudi uwanjani na kuumia palepale tena. Huyo mtimueni, hata mimi nitachangia nauli.