Afisa TEHAMA au fundi printa?

Hivi jamani, ukiajiriwa serikalini kama mtu wa TEHAMA, watu wanaelewaga nini? Umesomea programu na usalama wa mitandao, unafika ofisini kazi ni kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa na kumbadilishia bosi paswedi aliyoisahau tena. Kompyuta zingine bado zina Windows 7, Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, ukiandika barua zibadilishwe unaambiwa subiri bajeti, bajeti ikija vinanunuliwa viti (vizuri kweli, sikatai). Halafu mfumo mkubwa wenyewe anapewa mkandarasi wa nje, na mfumo huo ukizimika usiku wa manane simu unapigiwa wewe, ambaye hata kuchungulia ndani yake hujawahi kuruhusiwa!