Wacha Niwaambie Mwenyewe Kuhusu Wale Samaki

Najua mshasikia. Katibu wa chama chetu mdomo wake hauna breki, na ile sauti aliyorekodi Jumapili usiku imeshafika Siaya kwa shangazi yangu. Lakini aliyowapa ni nusu. Nusu ya pili haijui, kwa hivyo wanachama mliomo humu, mkimwona anakaribia, geuzeni simu.

Kwa wageni: mimi ni mgonjwa wa video za hesabu. Wengine hulala na mpira, mimi hulala na Numberphile, ile chaneli ya hesabu ya YouTube. Nikiwa kwenye matatu ya Kondele nachukua tarakimu tatu za gari lililo mbele, tuseme 742, naigeuza iwe 247, natoa, napata 495. Hiyo nayo naigeuza iwe 594, najumlisha: 1089. Gari linalofuata, 1089 tena! Mradi tarakimu ya kwanza na ya mwisho zipishane kwa mbili au zaidi, haikosi. Nimepitishwa steji mara mbili kwa ajili ya mchezo huo.

Sasa wiki hiyo nilikuwa nimetazama ile ya siku za kuzaliwa. Watu 23 tu wakikutana, uwezekano wa wawili kuwa na tarehe moja unapita nusu. Wakiwa 30, unafika kama asilimia 70. Mtu hakubali kwa sababu anajipima yeye na wale 29, anasahau kwamba kila mmoja anapimwa na kila mmoja, na hizo ni jozi 435. Jumapili nikahesabu vichwa mkutanoni: 30, pamoja na mimi. Jamani, ningenyamazaje?

"Hapa kuna wawili waliozaliwa tarehe moja," nikatangaza, hata maombi ya kufunga hayajafika.

Katibu akacheka. "Siku 365, watu 30. Ndugu yangu, umekula nini?"

Nikasema wasipopatikana, nawanunulia wote samaki kule Dunga, ufuoni mwa ziwa. (Hapana, sikuwa nimekunywa. Ile ilikuwa soda.)

Nikafungua daftari la kumbukumbu ukurasa wa nyuma, nikazunguka kiti kwa kiti kama karani wa sensa. Akina mama walitoa siku na mwezi, mwaka wakaumeza. Mzee mmoja alisema yeye alizaliwa wakati wa nzige, lakini kitambulisho kinasema 1 Januari. Moyo ukaruka, maana najua wazee wengi waliopewa tarehe hiyo. Nikamkimbilia mzee wa pili. Akaingiza mkono kwenye koti, taratibu, akatoa kadi ya ubatizo iliyokunjwa mara nne. 9 Oktoba. Nilitamani kuila ile kadi.

Mke wangu sikumuuliza. Nitamuulizaje mke wangu? Nikamwandika mwenyewe nikipita, kwa mbwembwe kidogo.

Halafu nikasimama kusoma. Nilisoma polepole, kila jina na tarehe yake, na kwa kila moja katibu alikunja kidole. Februari zilikuwa mbili, zikakosana kwa siku moja. Siku moja! Nikasoma, "Mama Achieng, 17 Juni." Mama Achieng akaacha kumenya chungwa, akaniangalia. Nikadhani ni fahari. Nikamkonyeza. Nikaendelea hadi mwisho kabisa, "Katibu, 19 Juni," na hapo nikasikia mke wangu akikohoa kidogo, kisha akaweka kipande cha chungwa mdomoni.

Majina yakaisha. Nikageuza ukurasa, kana kwamba kuna watu wengine nyuma yake. Jasho lilinidondoka juu ya Agosti. Mtoto wa jirani aliyekuwa dirishani akauliza, "Kwa hivyo ni samaki?" na ukumbi mzima ukamjibu.

Dunga tulifika. Ngege kumi na tano, watu wawili kwa samaki, ugali juu. Nilikopa Fuliza. Katibu alikula kichwa na macho yake huku akirekodi. Basi.

Usiku, nikiwa nimelala namwelezea mke wangu kwamba asilimia 30 nayo ni kitu, mtu anaweza kuangukia humo bila kosa lake, akasema gizani, "Baba Achieng, mimi nilizaliwa lini?"

"Tarehe 17 Juni."

Kimya. Kile kimya mlio kwenye ndoa mnakijua.

"19," akasema.

Nikaketi. Nikawasha taa. Nikamuuliza kwa nini hakusema pale pale, tukiwa bado ukumbini, kabla ya ngege kumi na tano!

"Uliwauliza watu wote mle ndani," akasema, akivuta blanketi. "Nilikuwa nangoja ufike kwangu. Halafu ukanikonyeza."

Akageukia ukutani. Baada ya dakika kama mbili hivi nikasikia tena sauti yake: "Lakini samaki walikuwa watamu."