Saa janja inasema presha iko sawa. Tuiamini?

Wanawake wanaoanika dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma, hawakuwa na mazoea ya kuvaa saa. Siku hizi unawakuta watatu wanne wana saa janja nyeusi, zile za kioo cha mraba, na ukiwauliza ni za nini, hawakwambii ni za kuangalia muda. Wanakwambia ni za presha.

Mama yangu mdogo wa Ujiji ni mmoja wao. Ana miaka 61, na dawa za presha anameza kila siku kwa miaka sasa. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimtumia saa ya shilingi 40,000, kwa mapenzi tu. Asubuhi ikamsomea 118 kwa 76, jioni 121 kwa 79. Wiki ya tatu mama akaona amepona, vidonge akaviweka kando. Nilimpeleka kituo cha afya alipolalamika kichwa kinamgonga, na mashine ilisoma 182 kwa 104. Muuguzi akamkalisha, akampa muda atulie, akampima tena. Ikashuka kidogo tu. Saa ilikuwa mkono wa pili, na muda huohuo ilionyesha 120 kwa 78.

Jioni ile niliivua nikaifunga kwenye ndizi mbivu. Taa yake ya kijani ikawaka, ikazunguka kidogo, kisha ikaipa ndizi presha ya 117 kwa 75.

Pamoja na hayo, siwezi kumwambia mtu azitupe saa hizi. Mimi mwenyewe ninayo, na kuna mambo inayafanya vizuri kweli. Tatizo ni kwamba kioo kimoja kinakupa namba iliyopimwa na namba iliyokisiwa, zote kwa herufi zilezile, na hakuna cha kukuonyesha ipi ni ipi.

Ile taa ya kijani ina kazi ya kweli. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye vijishipa vya ngozi na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka. Kwa hiyo mapigo ya moyo inayaona. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi, na sita kati yake vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5. Lakini kwenye nguvu ambayo mwili umeitumia, zile kalori, kifaa kilichojitahidi kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Kifaa ni kilekile, mkono uleule.

Presha ni jambo jingine kabisa. Kuipima kwa uhakika kunataka mshipa ubanwe halafu uachiwe, ndiyo maana mashine ina kile kitambaa kinachojaa upepo. Ziko saa chache za bei kubwa zenye mkanda unaojaa upepo, na nyingine hudai uzilinganishe na mashine ya kawaida kila baada ya wiki nne. Saa ya shilingi 40,000 haina chochote cha kubana mshipa. Sukari nayo ni hivyohivyo: Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Ila nenda kwenye maduka ya mtaa wa Mwanga, hapa mjini, usome maboksi: presha, sukari, oksijeni, vyote vimeandikwa. Kuhusu oksijeni, hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vimeonekana kutufelisha sisi wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha vinapitwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Sasa upande ambao saa inaipita hospitali. Kuna ugonjwa wa moyo kupiga ovyo, unaokuja na kuondoka, na unaweza kuleta kiharusi. Daktari akikupima siku moyo umetulia, haoni kitu. Saa inakaa mkononi mchana na usiku. Utafiti wa Apple na Stanford wa mwaka 2019 ulihusisha watu zaidi ya 400,000, na walioonywa na saa kwamba moyo unapiga ovyo hawakufika hata mmoja kwa mia. Kwa wale waliovalishwa pia kipimo cha umeme wa moyo, asilimia 84 ya tahadhari zilizofuata zilikuta moyo kweli unapiga ovyo. Hilo si jambo dogo. Ila kwa mtu wa Kalya, kusini huko ziwani, tahadhari hiyo maana yake ni kupanda boti hadi mjini, kisha Hospitali ya Maweni. Saa imemwambia aende. Nauli na siku za kulala mjini ni juu yake.

Faida ninayoiona kwangu ni ndogo lakini ya kila siku. Kazi yangu ni ya kukaa, na saa ilinionyesha hatua 2,900 kwa siku. Nikaona aibu, nikaacha bodaboda ya jioni, sasa napanda Mwanga kwa miguu. Zile hatua 10,000 zisikutishe: namba hiyo ilianzia kwenye jina la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa wanawake wazee Marekani, wa 2019, ulikuta nafuu inaanza kuonekana kwenye hatua 4,400 hivi na kukoma kuongezeka kwenye 7,500. Usingizi je? Jirani yangu anavua dagaa kwa taa usiku wa giza na kulala mchana. Saa yake inamkaripia kila siku kwamba hakulala.

Na programu ya saa kwenye simu inaomba majina ya watu wako na mahali ulipo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022, lakini kitufe cha kukataa unakibonyeza wewe. Kataa.

Kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha, mimi nasema mashine ya mkono itangulie, saa ifuate pesa ikibaki. Yetu nililipa shilingi 75,000. Mama amerudi kwenye vidonge, anapima asubuhi akiwa amekaa, anaandika kwenye daftari. Mara ya mwisho nilisoma 138 kwa 86. Saa bado anaivaa, kwa sababu ya mwanawe. Alipokwenda kliniki akasema presha ilikuwa nzuri wiki nzima, na muuguzi akamuuliza, "Mama, umepima kwa saa au kwa mashine?" Natamani swali hilo liulizwe kila zahanati ya mkoa huu.